Kupunguza au Kurejesha? Neno Moja la Kemia

Katika kuieleza kemia kwa Kiswahili, neno lisumbualo sana ni jina la nusu ya pili ya redoksi. Nusu ya kwanza ni uoksidishaji. Ya pili, mwepesi wa kufasiri ataiita "kupunguza". Hapo mwanafunzi huambiwa kwamba kilichopunguzwa ndicho kilichopokea elektroni, naye huuliza kwa haki: yawezaje kupokea kukawa kupungua?

Jawabu limo katika tanuri la mhunzi. Zamani Wahaya na Wafipa waliyeyusha mawe yenye chuma kwa makaa na mivukuto. Katika mawe hayo chuma kimeungana na oksijeni. Makaa yawakapo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo huichukua ile oksijeni, chuma kikabaki. Kilo 160 za oksidi nyekundu iliyo safi hutoa chuma kilo 112 hivi. Zile 48 zilikuwa oksijeni. Uzito umepungua kweli. Lakini neno la Kilatini *reducere*, lililo asili ya jina hili, maana yake ni kurudisha: metali imerudishwa katika hali yake. Kutu ndiyo safari ya kinyume, chuma kiunganapo tena na oksijeni penye maji na hewa.

J. J. Thomson alipogundua elektroni mwaka 1897, njia ilifunguka ya kuipanua maana hiyo. Tumbukiza msumari safi wa chuma katika maji ya mrututu, nao utavikwa utando mwekundu wa shaba. Hapana oksijeni iliyohama. Kila atomu ya chuma iliyoyeyuka imetoa elektroni 2, na shaba iliyomo majini imezipokea ikawa metali tena. Chuma kimeoksidishwa, shaba imerejeshwa. Wala hapana atoaye pasipo apokeaye.

Si kila badiliko la kemia ni redoksi. Ukikamua ndimu juu ya magadi, povu hutoka; lakini hiyo ni kazi ya asidi na besi, wala hakuna atomu iliyoipa nyingine elektroni zake.

Kwa hiyo twapendekeza neno "urejeshaji". Lina upungufu wake: klorini ipokeapo elektroni hairejei kuwa metali, kwa hiyo mwalimu hana budi kulifafanua kwa kusema "kupokea elektroni". Watakaotetea "kupunguza" watasema kwamba chaji ya shaba imeshuka kutoka 2 hadi sifuri, nao hawakosei. Ila mwanafunzi haioni chaji. Aionayo ni shaba juu ya msumari.