Mwanachuo, Tunza Kazi Zako

Ndugu msomaji, kama unasomea ualimu, nisikilize mimi bwana shamba.

Mwanachuo mmoja alifanya mazoezi ya kufundisha kijijini kwetu. Maandalio yake yote ya masomo yalikuwa katika simu. Simu ikatumbukia kisimani. Kazi ya wiki 8 ikapotea. Alilia.

Mkulima hodari haweki mbegu zote katika ghala moja. Nawe fungua jalada katika simu yako. Weka humo azimio la kazi, maandalio ya masomo na picha za zana ulizotengeneza. Andika jambo ambalo wanafunzi hawakulielewa, na jinsi ulivyolirudia. Usipige picha za watoto bila ruhusa. Kila Ijumaa weka nakala katika flashi au kwenye intaneti.

Siku ya kuomba kazi utaonyesha ulivyofundisha. Akiba haiozi.