Kutu na Rangi ya Magurudumu

Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhiwa magari ya zamani aliyoyatumia Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922. Gari la makumbusho hukaa chini ya paa. Lakini gari la zamani linalotembea kati ya Musoma na Bunda hupita matopeni wakati wa masika, na kokoto huparuza ringi zake za chuma. Baada ya muda utaona madoa ya rangi ya kahawia. Hiyo ni kutu.

Je, kutu hutokana na nini? Fanya jaribio hili. Chukua misumari minne isiyo na kutu na chupa nne. Weka msumari wa kwanza katika chupa kavu, kisha uifunge. Wa pili uweke katika maji yaliyochemshwa na mwalimu, umimine mafuta ya kula juu yake ili hewa isiingie. Wa tatu utie katika maji ya kawaida yasiyoufunika wote. Wa nne upake rangi, uache ukauke, ukwaruze mstari mmoja, kisha uuweke kama ule wa tatu. Chunguza baada ya juma moja.

Msumari wa tatu utakuwa na kutu nyingi. Wa nne utashika kutu pale ulipokwaruzwa tu. Chuma hupata kutu kinapokutana na maji pamoja na oksijeni iliyomo hewani. Rangi huvizuia visikifikie.

Mtu mzima anayepaka upya ringi nyumbani huanza kwa kuzifungua na kuziosha kwa sabuni. Kisha huondoa kutu yote kwa brashi ya waya na msasa. Kutu ina vitundu vidogo vinavyoshika maji, nayo hubanduka kwa urahisi. Rangi iliyopakwa juu yake hubanduka pamoja nayo. Msasa hulowanishwa ili vumbi lisiruke, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kaa mbali na kazi hiyo.

Ringi ikikauka, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya juu mara mbili, kila mara nyembamba. Rangi nene hukauka nje ikabaki laini ndani. Kazi hii hufanyika mahali penye hewa, mbali na moto, maana mvuke wa rangi na tina huwaka upesi.

Mahali zinapokaa nati hapapakwi rangi nene. Gari linapokwenda, rangi hiyo husagika chini ya nati, nati zikalegea, na gurudumu laweza kuchomoka. Kwa hiyo nati hukazwa tena baada ya mwendo mfupi, hata kama ringi zinang'aa.