Bomba la Bafuni Livujalo

Wazee wa Upare walichimba ndiva juu ya mashamba yao, ili maji ya kijito yakusanyike usiku na kufunguliwa mchana. Na ndiva ilipovuja, wote walioitumia walitoka kuitengeneza. Lakini katika mji wa Same, ulio mkavu, twaona mabomba ya bafuni yakidondoka mchana kutwa wala hapana ashtukaye. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani zaidi ya lita 4. Kwa mwezi ni ndoo sita.

Mara nyingi ubovu ni kipande cha mpira kilicho ndani ya koki, ambacho huliwa upesi na wale wakazao koki kama wafungao mzigo wa punda. Funga kwanza koki kuu, kisha fungua kichwa cha bomba kwa spana, ukatoe mpira ule. Ukikosa fedha ya mpya, kata mwingine wa kiasi kile kile katika mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu. Ukiwa mwembamba, weka miwili. Lakini ikiwa shaba yenyewe imelika, mpira hautafaa kitu: heri kununua koki nzima.

Bomba la chuma likivuja kwenye maungio, lifungue, sugua kutu, na uzungushie hesi nyuzi chache za katani zilizopakwa rangi ya mafuta, au ile tepu nyeupe ya mafundi, kwa kufuata upande wa kukazia. Bomba lililopasuka huweza kufungwa kwa mpira na waya, lakini hiyo ni dawa ya siku mbili tatu. Sharti kipande kibovu kikatwe.