Unga wa mtaani uliowafumbua macho madaktari wa Parkinson

Julai 1982, hospitali moja ya San Jose, California, ilimpokea mwanamume aliyekakamaa mwili mzima. Macho wazi, ila hasemi wala hageuki. Ukimwinua mkono, unabaki hewani. Madaktari walipoona vidole vyake vikicheza kidogo, wakampa penseli. Taratibu akaanza kueleza hali yake kwa maandishi. Akili ilikuwa timamu. Kilichogoma ni mwili.

Punde wakapatikana wengine, wote mateja waliojidunga heroini bandia iliyopikwa kienyeji. Dalili zao zilikuwa za Parkinson, ugonjwa uliozoeleka kwa wazee, na levodopa, dawa ya ugonjwa huo, iliwarudishia mwendo. Daktari William Langston na wenzake waliufuatilia unga ule hadi wakaibaini sumu: kemikali iitwayo MPTP, iliyozalika kwa sababu mapishi yalikwenda kombo.

Peke yake MPTP haina makali. Ikishaingia ubongoni, kimeng'enya kiitwacho MAO-B huigeuza kuwa MPP+. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo na ambayo hupungua katika Parkinson, zina njia maalumu ya kuirudisha ndani dopamini iliyokwisha kutumika. MPP+ hupenya kwa njia hiyohiyo, kisha huzima mitokondria zinazoipa seli nishati. Seli jirani zisizo na njia hiyo hunusurika.

Je, kimeng'enya kikizuiwa? Nyani waliotangulizwa dawa ya kukizuia hawakudhurika. Mwaka 1987 ukaanza utafiti wa DATATOP, wenye wagonjwa 800 wa Marekani na Kanada. Waliopewa selegilini, mojawapo ya dawa za kuzuia kimeng'enya hicho, walichelewa kuhitaji levodopa. Lakini selegilini hupunguza dalili pia, hivyo haikuthibitika kwamba seli zilikingwa. Nyani walikingwa kabla ya sumu; binadamu hufika kwa daktari seli nyingi zimeshakufa, na kilichoziua mara nyingi hakijulikani. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitika kuzikinga.

Ndiyo maana macho yamegeukia sumu zinazoepukika. Parakwati, kiuagugu chenye umbo linalokaribiana na MPP+, imehusishwa na Parkinson katika tafiti za wakulima wa Marekani. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliifutia kibali mwaka 2007. Wakulima wengi wa Afrika Mashariki wameijua kwa jina la Gramoxone, wakiinyunyiza kwa bomba la mgongoni, mara nyingi bila glavu wala barakoa. Dawa ya kukinga seli bado iko mikononi mwa maabara. Kiuagugu kipi kiuzwe dukani, na kwa masharti gani, ni uamuzi wa serikali zetu, nao hauhitaji kusubiri maabara.