Je, Wajua? Utumbo Uliokosa Kuzunguka

Je, wajua kwamba utumbo wako uliwahi kukaa nje ya tumbo? Mimba ikifika wiki ya 6 hivi, utumbo hurefuka kuliko nafasi iliyopo, ukatokeza kwenye kitovu. Karibu wiki ya 10 hurudi ndani, ukiwa umezunguka nyuzi 270 kinyume na mwendo wa saa, kisha hujishikiza nyuma ya tumbo. Kwa mtoto mmoja hivi kati ya 500 mzunguko huo haukamiliki, na wengi wao huzeeka bila kujua.

Balaa ni utumbo huo usioshikizwa unapojisokota kama nguo inayokamuliwa, mishipa ya damu ikabanwa. Mtoto mchanga hutapika kijani. Kucheua maziwa si neno. Kijani ni nyongo, na hapo maji ya gripe hayafui dafu. Awe Kuresoi au Subukia, mzazi asingoje kupambazuke ndipo atafute gari la kwenda hospitali ya rufaa ya Nakuru, kwani utumbo uliokosa damu hufa kwa saa chache. Wapasuaji wa watoto ni haba. Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ni mojawapo ya mahali wanapopatikana.

Upasuaji wenyewe ulielezwa mwaka 1936 na William Ladd wa Boston. Cha ajabu, haurudishi utumbo mahali pake. Daktari huusokotoa, hukata tando zinazoubana, hulaza utumbo mwembamba kulia na mpana kushoto, kisha huondoa kidole tumbo. Kikiachwa kushoto, siku kikiuma nani atakitafuta huko?

Tangu miaka ya 1990 kazi hiyo hufanywa pia kwa kamera kupitia matundu madogo, tumbo likijazwa gesi ya kaboni dioksidi. Maumivu hupungua, mtoto hunyonya mapema na kwenda nyumbani mapema. Lakini tumbo lililofunguliwa hupata makovu ya ndani yanayonatisha utumbo. Kwingine makovu hayo ni adui wa mpasuaji. Hapa wengi huamini ndiyo yanayouzuia usijisokote tena. Matundu madogo huacha makovu machache, na hofu ya kujisokota upya huwa kubwa zaidi.

Kwa maoni yangu, kamera inamfaa mtoto mkubwa aliyetulia. Kichanga aliyezidiwa apasuliwe wazi. Hata anayeanza na kamera, akikuta utumbo umekuwa mweusi, huiweka kando na kuomba kisu.