Transfa ya Gari Dogo kama Zana ya Kufundishia Uwiano

Mwalimu anapofundisha uwiano katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, mara nyingi huanza na machungwa. Machungwa 12 hugawanywa kwa Asha na Juma kwa uwiano wa 1 kwa 2, mtoto hupata 4 na 8, alama ya vema huwekwa, na somo huhesabiwa kuwa limeeleweka. Wiki inayofuata mtoto yuleyule huulizwa: gia yenye meno 10 ikizungusha gia yenye meno 20, ipi itakwenda polepole? Hapo wengi hubahatisha. Wameweza kugawa machungwa bila kujua kwamba uwiano hueleza pia mwendo na nguvu. Kwa mtoto atakayemaliza shule na kwenda kujifunza kazi gereji au kwenye mashine ya kusaga, pengo hilo si dogo. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 tumehimizwa kuunganisha darasa na kazi. Tatizo ni kwamba mara nyingi tumeunganisha kwa jembe tu, na hesabu tumeiacha ukutani.

Tunapendekeza hapa kazi moja ya ufundi ambayo ndani yake uwiano unaonekana kwa macho, nayo ni kubadilisha transfa ya gari dogo.

Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne huwa na sanduku la gia la pili, ambalo mafundi wetu huliita transfa. Kazi zake ni mbili: kuugawa mzunguko utokao kwenye giaboksi uende ekseli ya mbele na ya nyuma, na kumpa dereva gia ya chini zaidi kwa ajili ya matope na milima. Katika magari mengi sanduku hilo limefungwa moja kwa moja nyuma ya giaboksi. Katika Suzuki ndogo za SJ410, zilizoanza kutolewa mwaka 1981, na SJ413, zilizofuata mwaka 1984, transfa imekaa peke yake chini ya fremu, nayo imeunganishwa na giaboksi kwa propela fupi. Ndiyo sababu kuibadilisha si kazi ya kutisha: giaboksi na klachi haziguswi.

Kwa nini mtu aibadilishe? Injini ya SJ410 ilikuwa ndogo, ya sentimita za ujazo 970, kwa hiyo watengenezaji waliisaidia kwa kupunguza mzunguko zaidi ndani ya transfa. SJ413 ilipewa injini ya sentimita za ujazo 1,324 na transfa iendayo kasi kidogo. Mwenye SJ413 apandaye milima na mizigo, au aliyefunga tairi kubwa, huitafuta transfa ya ndugu yake mkubwa. Transfa ya SJ413 hupunguza mzunguko kwa 1.409 katika gia ya juu na kwa 2.268 katika gia ya chini. Ile ya SJ410 hupunguza kwa 1.580 na kwa 2.511. Maana ya 2.511 ni kwamba shafti iingiayo huzunguka mara 2.511 ili ile itokayo izunguke mara 1. Mwalimu asiondoke hapa mpaka kila mtoto aweze kuisema sentensi hiyo kwa maneno yake mwenyewe.

Kosa kubwa huja baadaye. Giaboksi ya SJ413 katika gia ya kwanza hupunguza mzunguko kwa 3.652, na difu hupunguza kwa 3.727. Ukiwauliza watoto injini huzunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja, wengi watajumlisha: 3.652 na 2.268 na 3.727, wapate 9.647. Jibu hilo halina maana yoyote, lakini kulikataa kwa mdomo hakutoshi. Chukua mifuniko minne ya makopo, misumari, ubao, na utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Tafuta mifuniko ambayo mzingo wa mkubwa wa kwanza ni mara 2 ya mdogo wake, na wa pili ni mara 3 ya mdogo wake; watoto wapime kwa uzi. Mfuniko mkubwa wa kwanza ushikamanishwe na mdogo wa pili kwenye msumari mmoja, ili vizunguke pamoja. Utepe ukiteleza, sugua kingo za mifuniko kwa msasa. Chora mstari wa chaki kwenye mfuniko wa kwanza na wa mwisho, kisha uliza kabla ya kuzungusha: itakuwa mara 5 au mara 6? Darasa litagawanyika. Acha mtoto mmoja azungushe, wenzake wahesabu kwa sauti. Itakuwa mara 6, na hoja ya kujumlisha itakuwa imejibiwa na mifuniko.

Sasa rudi kwenye gari. Kuzidisha 3.652 kwa 2.268 kwa 3.727 kunatoa takriban 30.9. Ukiweka transfa ya SJ410 utapata takriban 34.2. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, na mzingo wa tairi ukiwa mita 2.1, gari la kwanza litakwenda mita 68 kwa dakika na la pili mita 61. Yote mawili ni mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Tofauti inaonekana ndogo kwenye daftari, lakini kwenye mwinuko wa utelezi ndiyo inayomwezesha dereva kupanda bila kuichosha klachi.

Upande wa pili wa somo ni mpangilio wa hatua, nao unafaa kwa insha ya maelezo. Tunashauri watoto wapelekwe gereji kumtazama fundi, wakisimama nyuma ya mstari wa chaki. Asiwepo mtoto hata mmoja chini ya gari, hata kwa dakika moja. Kila hatua iulizwe sababu yake. Gari liwekwe mahali tambarare, na kabari zibanwe kwenye magurudumu kabla ya jambo lolote. Kwa nini, wakati liko ndani ya gia na breki ya mkono imevutwa? Kwa sababu propela zikishafunguliwa, gia haina tena kiungo na magurudumu. Tena katika baadhi ya SJ410 breki ya mkono yenyewe imefungwa nyuma ya transfa, na propela ya nyuma ikitoka, breki hiyo haizuii kitu. Hatua hii isipewe haraka. Vivyo hivyo gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake halifanyiwi kazi. Sharti lilale juu ya stendi.

Yaliyobaki ni mepesi. Mafuta humwagwa. Flanji za propela hutiwa alama kabla ya kufunguliwa, ili zirudi zilivyokuwa na gari lisitetemeke. Waya wa spidomita na nyaya za umeme hutolewa, kisha mikono mitatu yenye mipira inayoishikilia transfa hufunguliwa huku sanduku limeegemezwa. Kabla ya kufunga nyingine, matundu ya flanji hupimwa, maana huweza kutofautiana. Transfa mpya hujazwa mafuta ya gia, yasiyofika lita moja, mpaka yachungulie kwenye tundu la kujazia.

Mwalimu asiyadharau maneno ya gereji. Difu, propela na transfa ndiyo majina ambayo mtoto atayakuta kazini.

Kwa zoezi la nyumbani, uliza hivi: gari lilikuwa likienda kilomita 80 kwa saa katika gia ya juu ya transfa ya SJ413, baada ya kuweka ya SJ410, kwa mzunguko uleule wa injini, litakwenda kilomita ngapi? Jibu ni kama 71. Anayejibu 90 amezidisha kinyume, naye arudishwe kwenye mifuniko kabla daftari lake halijasahihishwa.