Madirisha 11, nyumba wazi siku tisa

UKIENDA nyumbani sikukuu ijayo, msomaji, usikimbilie kuketi na kunywa chai. Kwanza zunguka nyumba ya wazazi wako uyatazame madirisha. Bonyeza ubao wa chini wa fremu kwa kidole gumba. Kidole kikizama kana kwamba umebonyeza mkate, endelea kusoma, maana yaliyotupata sisi yako njiani yanakuja kwako.

Changu kilizama Aprili 2024, kule kwetu Sigalagala, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma na mabati. Marehemu baba aliijenga kuanzia 1979 kwa mshahara wa ualimu, chumba baada ya chumba, kila alipopata. Ilikuwa na madirisha 11 ya mbao. Kwa nje yalikuwa yangali na rangi ya kijani, yanapendeza kwa mbali. Kwa ndani mchwa walikuwa wamekula wakasaza ganda. Dirisha la chumba cha Mama halikufunga tena. Alilikaza kwa kamba ya katani, na pengo akaliziba kwa blanketi kuukuu. Mjukuu anayelala naye alikuwa ametibiwa malaria mara mbili tangu Januari.

Usishangae. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara mbili ya Nairobi, na aghalabu hunyesha alasiri kwa radi na upepo unaoisukuma ukutani. Ubao unaoloweshwa hivyo miaka 40 na ushei, huku mchwa wakiushambulia kutoka ukutani, umejitahidi.

Tukakaa kikao, sisi watoto wanne. Hoja haikuwa na mpinzani. Kila mmoja atoe Sh15,000, jumla Sh60,000, kazi ifanywe likizo hiyo hiyo ya Aprili wakati watu wote wako nyumbani. Hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Aprili ni kitovu cha masika! Yeyote aliyezaliwa upande huo angejua kwamba ukuta hutobolewa Januari au Februari, lakini sisi tulikuwa tukitazama kalenda ya shule badala ya mawingu.

Mama alitaka mbao tena, kama alivyomwachia mumewe. Fundi wa mbao akatutajia bei iliyotunyamazisha. Mbao ngumu zimekuwa adimu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na ingawa Rais William Ruto alitangaza Julai 2023 kwamba marufuku hiyo inaondolewa, bei haikurudi ilikokuwa. Alumini nayo haishiki kutu na huteleza vizuri, ila ni ghali, na grili ya kuzuia wezi hununuliwa kando. Tukaangukia chuma.

Dirisha la chuma la jua kali hutengenezwa kwa vyuma vyembamba vyenye umbo la Z na T. Hukatwa, huchomelewa, kisha hupakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na grili huchomelewa humo humo. Ukienda kuyakagua, beba ufunguo au sarafu. Mahali palipopakwa rangi nene kupita kiasi, hasa kwenye pembe, pakwangue. Mara nyingi chini yake utakuta kiungo kilichoshikwa kwa tone moja tu.

Fundi wetu alitaka Sh7,500 kwa kila dirisha la sebuleni, ambayo ni mawili makubwa ya futi tano kwa nne. Ya vyumba vya kulala, chumba cha maakuli na jikoni, sita kwa jumla, Sh5,500 kila moja. Matatu madogo ya stoo, bafu na choo, Sh2,000. Jumla Sh54,000. Tukatazamana kwa furaha. Tunabakisha Sh6,000, za kibarua na soda!

Nani alituambia dirisha la chuma huja na kioo? Kioo ni duka jingine na hesabu nyingine, hupigwa kwa futi za mraba. Yetu ilifika futi 148, na kwa Sh110 kila futi, hiyo ni Sh16,280. Tulikuwa tumeshapita kiasi cha mchango na hatujagusa hata tofali moja.

Ndugu zake

Kaka yangu ana mwana anayesomea ujenzi katika Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Sigalagala, mwendo mfupi kutoka kwetu. Kijana huyo alikuwa amekaa kimya siku zote hizo, kwa adabu ya mtoto mbele ya wakubwa. Alipoona fundi amepima dirisha moja la chumba cha kulala, akakunja futi yake na kusema, "Hayo mengine ni ndugu zake," uvumilivu ukamwishia.

"Senje," akaninong'oneza, "naomba niyapime mimi."

Akapima yote 11, upana juu na chini, urefu kulia na kushoto. Kisha akapima mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kwa njia zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, tundu limenyooka. Vikitofautiana, limepinda hata kama jicho halioni. Katika madirisha manne ya vyumba vya kulala, ambayo fundi aliyaita ndugu, moja lilikuwa na upana wa inchi 47 na nusu, jingine inchi 49. Bila shaka. Baba alijenga chumba kwa chumba, kila mara na mwashi mwingine, na kila mwashi alikuwa na jicho lake.

Kufikia hapo fremu mbili zilikuwa zimeshachomelewa kwa kipimo cha "ndugu". Kuzikata na kuzirekebisha kukatugharimu Sh4,000. Fundi alidai ni makosa ya ukuta.

Ukuta uliobebwa na dirisha

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike makala haya, kwa kuwa fedha hutafutwa zikapatikana.

Siku ya kwanza ya kung'oa, mwashi alitoa madirisha mawili asubuhi bila taabu. La tatu lilikuwa kubwa la sebuleni. Chini ya dirisha hilo ndipo Mama hupenda kuketi akichambua maharagwe, kwa ajili ya mwanga. Alikuwa hapo asubuhi hiyo pia, akisema nyundo haimsumbui. Kijana akamwambia, "Kukhu, njoo jikoni unionyeshe majani ya chai yaliko." Mama akainuka akilalamika kwamba majani yako pale yalipokuwa siku zote.

Hazikupita dakika tano. Mwashi alipoitoa mhimili ya juu ya fremu, matofali ya juu yakaifuata. Safu tatu zilianguka kwa kishindo, zikavunja mkono wa kiti cha Mama na kumkosa mwashi kwa shubiri moja. Vumbi lilipotulia tukaona mbingu kati ya ukuta na mabati.

Kisa chake ni hiki. Juu ya kila dirisha au mlango yafaa pawe na kizingiti cha zege chenye nondo, mafundi hukiita linta, ambacho hubeba uzito wa matofali ya juu na kuupeleka pembeni. Baba, kwa kubana matumizi, au mwashi wake kwa kumbania, hakuweka zege juu ya madirisha matatu. Fremu ya mbao ndiyo iliyokuwa ikibeba ukuta. Miaka yote hiyo tuliyoketi pale, tukasoma pale, tukapigia picha za Krismasi pale, matofali yalikuwa yameegemea ubao ambao mchwa waliufanya mandazi.

Kwa hiyo, msomaji, kabla nyundo haijagusa fremu yako, kwangua plasta juu ya dirisha, inchi chache tu. Ukiona zege, shukuru. Ukiona ubao au tofali tupu, simamisha kazi, weka nguzo za kuegemeza ukuta na upande wa mabati, ndipo mng'oe dirisha moja kwa wakati. Ufa unaopanda kwa ngazi ngazi kutoka pembe ya dirisha ni dalili ya kutiliwa shaka. Na linta yaweza kufinyangwa uani, chini, wiki moja au zaidi kabla ya kubomoa, ikamwagiwa maji kila siku hadi ikaiva, kisha ikapandishwa ikiwa ngumu. Ni lazima ipite kila upande wa tundu kwa inchi sita angalau. Haya nimeyajua baadaye. Sisi tulimwaga zege ukutani papo hapo, nguzo zikiwa zimesimama sebuleni kama msitu, na tukangoja.

Tulingoja siku tisa. Mwashi alikuwa ameshang'oa mengine akidhani anaokoa muda, kwa hivyo nyumba nzima ilikuwa macho wazi. Tuligongomea karatasi za nailoni nyeusi. Upepo wa saa kumi alasiri ukazifanya matanga na kuzing'oa. Zulia likaloa. Kuku wakagundua kwamba sofa ni mahali pazuri pa kutagia. Usiku vijana wawili walilala sebuleni na tochi, kila mbwa akibweka wanaamka. Dada yangu alimsihi Mama aende kwake mjini Kakamega hadi kazi iishe.

"Nyumba isiyo na madirisha haiachwi na mwenyewe," Mama akajibu, akaingia ndani ya neti.

Na fundi wa chuma? Alikuwa na arubuni yetu mfukoni. Ijumaa alisema kesho. Jumamosi simu ikatuambia mteja hapatikani kwa sasa. Jioni jirani akamwona akitoka kwenye pambano la mafahali, sauti imemkauka kwa kushangilia. Siwezi kumlaumu mtu wa kwetu kwa kupenda mafahali, ila baada ya hapo tulimlipa kwa dirisha lililofika mlangoni, si kwa ahadi.

Linta hizo tatu, yaani nondo, kokoto, mbao za kufinyangia na siku za mwashi, zilimeza Sh9,600. Mfuko wa familia ulikuwa umekauka. Kaka yangu hakusema neno; aliingia kwenye simu yake akatuma fedha. Nilijua baadaye kwamba ilikuwa karo ya muhula ya kijana yule yule aliyetuokoa.

Mahali shilingi zilipoenda

Jumla kuu ilifika Sh144,980. Fremu na vioo vilichukua Sh70,280. Zilizobaki, Sh74,700, zilikwenda kwa vitu ambavyo hakuna aliyevitaja siku ya kikao: saruji, mchanga, kibarua cha kung'oa na kutia, usafiri, puti, wavu wa mbu, vyuma vya pazia kwa kuwa vya zamani havikutosha, rangi ya vyuma, na rangi ya kuta. Ukibomoa plasta kandokando ya dirisha, chumba kizima huwa na viraka, na huwezi kupaka viraka peke yake. Rangi ya ndani na mpakaji wake walikula Sh20,000.

Kuanzia 1696 hadi 1851 Waingereza walitozwa kodi kwa idadi ya madirisha, na wengi waliyaziba kwa matofali ili kukwepa. Nilipokuwa nikijumlisha risiti zetu usiku ule kwa mwanga wa taa, nilielewa mtu anaweza kufikia uamuzi huo bila hata kuona askari wa kodi.

Neno moja kuhusu puti, kwa kuwa watu huidharau. Ile ya mafuta ya kitani hukauka polepole. Usiipake rangi mpaka iote ngozi ngumu, jambo ambalo laweza kuchukua wiki moja au mbili, na hali ya unyevu huchelewesha zaidi. Usiiache karibu na kuku pia. Kuku wa Mama waliidonoa yote ya madirisha mawili ya chini kwa asubuhi moja. Na kioo kikatwe pungufu kidogo ya fremu, milimita tatu hivi kila upande, maana chuma kikipata jua hupanuka.

Karo ililipwa wiki tatu baadaye, ng'ombe mmoja alipouzwa. Kijana alikuwa amekosa majaribio mawili na hakunilaumu, ingawa ningependelea angenilaumu. Mama sasa hufungua dirisha lake saa kumi na mbili asubuhi na kulifunga magharibi kwa kidole kimoja, na wavu umekaa sawa. Mjukuu hajarudi zahanati kwa homa tangu wakati huo. Kiti chenye mkono uliovunjika kimetiwa msumari na kurudishwa pale pale chini ya dirisha la sebuleni; tulimsihi akihamishe, akakataa.

Kioo cha stoo kilipasuka mwezi wa pili. Fundi alikuwa amekibana hadi chumani. Mama ameliziba tundu kwa kadibodi ya maziwa, na amesema lisiguswe na mtu hadi Januari, mvua ikipungua, na mpimaji awe mjukuu wake.